Mzee Akichanganyikiwa, Si Lazima Iwe UTI

Dar es Salaam ina makazi machache ya wazee, kama yale ya serikali ya Nunge, Kigamboni. Wazee wetu wengi wanatunzwa nyumbani na binti, mkamwana au dada wa kazi. Lakini wanapatwa na jambo lile lile linalowasumbua madaktari wa Marekani na Kanada kwenye nyumba za wazee kwa miaka mingi sasa: kupewa antibayotiki kwa ugonjwa ambao hawana.

Chukua bibi wa miaka 80 kule Mbagala. Ameamka anaongea maneno yasiyoeleweka, na uji ameukataa. Zahanati wanachovya kijiti kwenye mkojo, rangi inabadilika, anaandikiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na sindano za antibayotiki ya ceftriaxone za siku tano. Hajaulizwa kama anaumia akikojoa. Hakuna aliyedadisi amekunywa maji kiasi gani kwenye joto hili la Januari, wala kama wiki iliyopita alianzishiwa dawa mpya ya usingizi.

Kile kijiti hakitoshi. Kati ya wanawake wanaoishi kwenye nyumba za wazee, robo hadi nusu wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Ndiyo maana mwongozo wa 2019 wa wataalamu wa maambukizi wa Marekani unasema mzee aliyechanganyikiwa, asiye na homa wala dalili za njia ya mkojo, atafutiwe sababu nyingine na aangaliwe kwanza kwa makini. Na sindano si ya bure hata ikiwa haikuhitajika: inaweza kumletea mzee kuhara kubaya, na inazidisha usugu wa vimelea. Ceftriaxone na ciprofloxacin, tunazozitumia kama panadol, Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu.

Wanaotetea sindano nao wana hoja nzito. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila hata homa, na akicheleweshewa dawa anakufa. Kuotesha mkojo maabara ili kuona bakteria waliomo kunachukua siku mbili tatu, na zahanati nyingi hazina huduma hiyo. Halafu kuna sisi ndugu, tuliokodi bajaji kumleta mzee. Tukiambiwa arudi nyumbani anywe maji, tunaona tumepuuzwa.

Utafiti uliochapishwa 2005, kwenye nyumba 24 za wazee za Ontario, Kanada, na Idaho, Marekani, ulionyesha kwamba wahudumu wakifuata utaratibu wa kuangalia dalili kwanza kabla ya kutoa dawa, antibayotiki za UTI zinapungua, na hapakuonekana tofauti katika vifo wala kulazwa hospitali. Naukubali, ila nyumba zile zina wauguzi wa zamu. Kusubiri kunafaa pale tu penye mtu wa kuangalia.

Kwa hiyo utaratibu huu ningeuanzia kwenye makazi ya wazee, ambako wahudumu wapo. Kwa wanaotunzwa majumbani, anayemtunza apewe karatasi na namba ya simu ya zahanati: mzee akitetemeka kwa baridi, akipata homa, akipumua haraka au akiwa mgumu kuamka, arudishwe hapo hapo, hata usiku. Pasipokuwa na mtu wa kufanya hivyo, simlaumu daktari anayeanza dawa mapema, mradi mkojo wa kuotesha uchukuliwe kabla ya sindano ya kwanza na majibu yakija kuna atakayeyasoma na kuisimamisha dawa isiyohitajika.