Medali shingoni, kitabu hakisomeki: Ufilipino na Uingereza wanavyosomesha watoto

Mzazi wa Kifilipino akihamia Uingereza na watoto wake, lalamiko lake la kwanza huwa lile lile la mzazi aliyetoka Tanga au Kisumu: huku hawafundishi, wanacheza tu. Mtoto wa miaka minne anakaa kwenye zulia, anachezea maji na mchanga, jioni anarudi nyumbani bila daftari. Ukiuliza mtoto ni wa ngapi darasani, mwalimu anakwambia hawapangi watoto hivyo, kisha anakusimulia jinsi mwanao alivyo mwema kwa wenzake. Nafanya kazi ya uuguzi hapa Uingereza, wodini kwetu Wafilipino ni wengi, na maongezi haya hayakosekani wakati wa chai. Nayaandika kwa kirefu kwa sababu naamini wengi wetu, Wafilipino na sisi wa Afrika Mashariki, tunaipima shule kwa vitu ambavyo havituambii kama mtoto anajifunza.

Nikisema Uingereza hapa nazungumzia England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Nianze na Wafilipino, maana watu wanaoipenda shule kuwazidi sijawaona. Kwao kusomesha mtoto ni kazi ya ukoo mzima. Kaka aliye Riyadh au dada aliye Hong Kong anatuma pesa, na pesa hizo hazimsomeshi mwanawe peke yake, zinawasomesha wadogo zake na watoto wa wadogo zake. Sekondari za serikali hazitozi ada tangu sheria ya mwaka 1988, na vyuo vikuu vya serikali viliondolewa ada mwaka 2017, lakini sare, nauli na chakula cha mchana havijaondolewa na sheria yoyote. Familia maskini zina mpango wa serikali uitwao Pantawid: kaya inapewa fedha kwa masharti, na mojawapo ni mtoto kuhudhuria shule angalau asilimia 85 ya siku za masomo.

Halafu kuna Brigada Eskwela, ambayo natamani kila nchi ingeiga. Tangu mwaka 2003, kabla shule za umma hazijafunguliwa, watu wanakwenda shuleni na nyundo, ndoo za rangi na mifagio. Wazazi wapo, askari wapo, wenye maduka na wanafunzi wa zamani wapo. Madawati yanagongelewa misumari, mapaa yanazibwa, vyoo vinasuguliwa. Katika nchi inayopigwa na vimbunga kila mwaka, kazi hiyo ndiyo inayoamua kama mvua ikinyesha darasa litaendelea au watoto watarudishwa nyumbani.

Kilele cha mwaka ni siku ya kutoa tuzo. Zamani walitangaza kumi bora, wa kwanza hadi wa kumi. Utaratibu wa mwaka 2016 uliondoa ushindani huo: mwenye wastani wa 90 hadi 94 anapata heshima ya ngazi ya kwanza, 95 hadi 97 ya juu zaidi, 98 hadi 100 ya juu kabisa, hata wakiwa nusu ya darasa. Jina likiitwa, mtoto hapandi jukwaani peke yake. Mzazi anapanda naye, na ndiye anayemvisha medali. Mama akiwa ughaibuni, bibi anapanda kwa niaba yake. Nimemwona mwenzangu saa nane ya usiku, katika mapumziko ya zamu, ameegemeza simu kwenye birika la chai, kule kwao asubuhi imeshapambazuka, akimtazama mwanawe akiinamisha shingo mbele ya bibi. Alilia, na sisi tuliokuwa mezani tulinyamaza kwa heshima. Medali ile alikuwa ameilipia kwa miaka ya kuishi mbali na mtoto wake.

Kwa hiyo ninachokisema sasa nakisema kwa uchungu. Katika upimaji wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2018, unaohusu vijana wa miaka 15, Ufilipino ilipata alama 340 katika kusoma, ikawa ya mwisho kati ya nchi zote zilizoshiriki. Mwaka 2022 ilipata 347, bado miongoni mwa za mwisho kabisa. Uingereza nzima mwaka huo ilipata 494. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba asilimia 91 ya watoto wa Kifilipino wenye miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi ya kiwango cha umri wao. Yaani watoto tisa kati ya kumi, katika taifa ambalo watu wanavuka bahari ili mtoto asome.

Wazazi hawana kosa hapo. Ukiwauliza walimu wa Kifilipino watakutajia mambo ambayo sisi tunayajua vizuri. Vyumba vya madarasa havitoshi, kwa hiyo shule nyingi za mijini zinasoma kwa zamu, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Watoto katika chumba kimoja ni wengi mno kwa mwalimu mmoja kuwasikiliza wote wakisoma. Mwalimu mwenyewe ana rundo la kazi zisizo za kufundisha: fomu, taarifa, kusimamia mpango wa chakula, na uchaguzi ukifika anakwenda kusimamia kura. Kuanzia mwaka 2012 madarasa ya chini yalitakiwa kufundishwa kwa lugha za nyumbani, wazo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, lakini vitabu na mafunzo ya walimu katika lugha hizo havikutosha, na Oktoba 2024 sheria mpya iliondoa ulazima huo. Juu ya yote likaja janga la korona. Watoto waliondoka madarasani Machi 2020, na masomo ya ana kwa ana hayakurudi kwa ukamilifu hadi Novemba 2022. Katikati walisomea nyumbani kwa vijitabu vya mazoezi, na kila mtu anajua ni mikono ya nani iliyokuwa ikijaza majibu usiku.

Katika mazingira hayo alama za darasani zinapoteza maana. Mwalimu ndiye anayetoa alama, 75 ni ya kupita, na ni nani mwenye moyo wa kumkaririsha darasa mtoto ambaye mama yake anafua nguo za watu Dubai ili asome? Mtoto anapandishwa darasa, anapandishwa tena, anavishwa medali. Siku anapopewa ukurasa ambao hajawahi kuuona na kuulizwa umesema nini, hapo ndipo inapojulikana.

Sasa turudi kwenye lile zulia. Mtoto wa Uingereza anaingia darasa la mwanzo akiwa na miaka minne, na kweli anacheza sana. Lakini kila siku kuna kipindi kifupi ambacho hakikosekani, cha sauti za herufi. Wanaanza na sauti chache, wanaziunganisha, wanasoma neno la herufi tatu, kesho wanaongeza sauti nyingine. Wiki baada ya wiki, kwa mpangilio, na kitabu anachorudi nacho nyumbani kinatakiwa kiwe na sauti alizokwisha kufundishwa. Mzazi anakiona kitabu kile chembamba chenye maneno manne kwa ukurasa anasema huu ni utani. Si utani hata kidogo.

Kisha mwezi wa Juni, mtoto akiwa na miaka mitano au sita, mwalimu anamwita pembeni. Wanakaa wawili tu. Mbele yao kuna maneno 40, na mtoto anayasoma kwa sauti moja baada ya jingine. Ishirini ni maneno ya kweli, ishirini yametungwa na hayana maana yoyote, na pembeni ya kila neno la kutungwa kuna picha ya kizimwi, ili mtoto ajue hilo ni jina la kizimwi na si neno alilowahi kulisikia. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu neno la kutungwa haliwezi kukaririwa. Mtoto hawezi kulibahatisha kwa kutazama picha, wala kwa kukumbuka dada yake alivyosoma jana. Ama anajua kuunganisha sauti, ama hajui bado. Wasiofikia kiwango wanasaidiwa na kupimwa tena mwaka unaofuata. Hakuna jukwaa, hakuna makofi, wazazi wanapata barua tu.

Upimaji huo ulianza mwaka 2012, na mwaka huo asilimia 58 ya watoto walifikia kiwango. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 80. Katika upimaji wa kimataifa wa kusoma kwa watoto wa shule za msingi wa mwaka 2021, England ilishika nafasi ya nne. Wapo walimu wa hapa wanaolalamika kwamba sauti za herufi zimekula muda wa hadithi, na nawaelewa, maana mtoto anayejua kutamka bila kupenda kitabu hajafika mbali. Pamoja na hayo, kama ningelazimika kuchagua kimoja tu kutoka elimu ya Uingereza nikipeleke Manila au kwetu, ningechukua zile dakika chache za mwalimu kumsikiliza mtoto mmoja akisoma maneno 40. Jingine linalosaidia ni sheria: watoto wa miaka mitano hadi saba hawatakiwi kuzidi 30 kwa mwalimu mmoja.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaoisifu Uingereza kana kwamba watoto wake hawashindanishwi. Mtoto hapewi namba, lakini shule inapewa. Matokeo ya shule yanachapishwa na kulinganishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wazazi wenye uwezo wananunua nyumba karibu na shule nzuri. Wakaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule, walikuwa wakiihukumu shule nzima kwa neno moja au mawili. Januari 2023 mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Reading, Ruth Perry, alijiua baada ya ukaguzi ulioishusha shule yake hadi ngazi ya chini kabisa, na mahakama iliyochunguza kifo chake ikasema ukaguzi huo ulichangia. Hukumu ya neno moja kwa shule za serikali iliondolewa Septemba 2024. Mama mmoja alibeba hofu ya aibu ya umma peke yake, na hakukuwa na wa kupanda naye jukwaani.

Wazazi nao wanawekwa mbali. Kikao cha wazazi ni dakika kumi, kengele inalia, mwingine anaingia. Mzazi akimtoa mtoto shuleni bila ruhusa kwenda kumzika bibi Cebu au Moshi na kukaa huko wiki tatu, anaweza kupigwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto, na baba na mama wanatozwa kila mmoja ya kwake. Mwalimu mkuu ana mamlaka ya kutoa ruhusa kwa sababu za kipekee, na msiba ni sababu ya kuomba, kwa hiyo ombeni mapema na kwa maandishi. Najua thamani ya siku za masomo, lakini sheria iliyotungwa kuzuia likizo za bei nafuu Uhispania inawaumiza zaidi wenye ndugu mbali.

Anayeumia kuliko wote ni mtoto anayefika akiwa na miaka 14 au 15. Huku mtoto anawekwa darasa kwa umri wake, si kwa alipoishia kule. Anaingia katikati ya masomo ya GCSE, mitihani ya umri wa miaka 16, ambayo wenzake wameshaianza, na anaweza kupangwa kundi la chini la hisabati kwa sababu ya lugha tu, ambako baadhi ya mada hazifundishwi kabisa. Aliyekuwa na medali tatu ukutani anakuwa mtoto asiyeongea. Mwenye mpango wa kuwaleta watoto, kama kuna namna yoyote, awalete kabla ya sekondari. Akishindwa, aende shuleni wiki ile ile ya kwanza, aulize kundi gani, mtihani wa ngazi gani, na kupanda kunahitaji nini. Walimu wa hapa wanajibu vizuri wakiulizwa jambo mahususi.

Kuhusu viboko, kwa sababu najua nitaulizwa: nchi zote mbili zimevikataa shuleni. Ufilipino kwa sheria yake ya familia ya mwaka 1987, Uingereza kwa shule za serikali mwaka huo huo. Heshima ya mtoto wa Kifilipino kwa mwalimu, ambayo wageni wote huisifu, imesimama bila fimbo inayoruhusiwa na sheria. Wanaotuambia kwamba bila kiboko hakuna adabu wakaitazame Ufilipino.

Oktoba 2024 Ufilipino ilipitisha sheria ya masomo ya ziada, bure, kwa wanafunzi kuanzia chekechea hadi darasa la kumi walioachwa nyuma katika kusoma, hisabati na sayansi, na wanaosomea ualimu wanaweza kutumika kama wakufunzi. Mapema mwaka huo wizara ilikuwa imeagiza walimu waondolewe kazi za ofisini. Hizo mbili kwa pamoja zinanipa matumaini kuliko chochote nilichokisikia kutoka huko. Brigada Eskwela wameshaonyesha kwamba watu wakiitwa shuleni wanakuja, na wakija na rangi wanaweza kuja pia na kiti, wakakaa na mtoto mmoja mmoja, wakamsikiliza akisoma. Kwa wenzangu wenye watoto wadogo huku Uingereza, matokeo ya yale maneno 40 yanatumwa nyumbani kabla shule hazijafungwa mwezi wa Julai. Mwulizeni mwalimu ni sauti zipi mtoto bado hajazishika.