Macho Hayana Pazia, Lakini Je, Ni Dirisha?

Chukua karatasi nyeupe. Chora msalaba upande wa kushoto na nukta nene upande wa kulia, viachane kama sentimita 8. Fumba jicho la kushoto, ukodolee msalaba kwa jicho la kulia, kisha ivute karatasi polepole kuelekea usoni. Ikifika kama sentimita 30, nukta inatoweka. Mahali pake huoni shimo wala giza, unaona karatasi tupu. Pale neva inapotokea jichoni kwenda ubongoni hapapokei mwanga, na pengo hilo unazibiwa bila kuulizwa. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza katika karne ya 17. Nimelijaribu mara nyingi na bado linanishtua, kwa sababu tumezoea kuyadhani macho ni dirisha la kuuonea ulimwengu jinsi ulivyo, na dirisha halifanyi hivyo. Dirisha halijazi kisichoonekana.

Donald Hoffman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ameliacha dirisha kabisa. Kwake, tunayoyaona ni kama ikoni kwenye skrini. Kile kibahasha cha ujumbe kwenye simu hakifanani hata chembe na umeme unaopita ndani. Kimewekwa ili ufanye kazi yako upesi bila kusumbuliwa na yaliyomo. Mageuzi ya viumbe, anasema, yalitupa macho ya kutuweka hai, si ya kutuonyesha ukweli. Hupenda kutaja mbawakawa wa Australia walioelezwa mwaka 1983 na watafiti Darryl Gwynne na David Rentz: madume yaling'ang'ania chupa za bia zilizotupwa, za kahawia, zenye vinundu vinavyometameta, yakizidhani majike.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini tulijuaje kwamba mbawakawa amekosea? Ni kwa kuwa watafiti waliiona chupa, wakamwona mdudu, wakavitofautisha. Macho yakiwa hayatuambii lolote la kweli, ushahidi huo nao unaanguka. Tena dume lenyewe halikubahatisha: chupa ni ya kahawia kweli, na inameta kweli. Lilipokea habari sahihi, likakata hukumu isiyo sahihi.

Mfano unaoniridhisha zaidi ni wa mvuvi wa mshipi usiku. Samaki hamwoni. Ana uzi kidoleni, chubwi limezama, na kwa mtetemo tu anajua kama chambo kinadonolewa au kimemezwa. Mtetemo haufanani na samaki. Hapo Hoffman yuko sahihi. Ila kibahasha ungeweza kukibadilisha kuwa picha ya ndizi na ujumbe ukaenda vilevile. Mshipi huwezi kuuchezea hivyo: samaki akivuta kwa nguvu, uzi unakaza kwa nguvu.

Mfano huu nao una mwisho wake. Mvuvi humpandisha samaki chomboni akamwona, ilhali sisi hatuna chombo cha kuupandishia ulimwengu tuutazame pasipo hisi. Tulicho nacho ni mishipi mingi ndani ya maji yaleyale, na mmoja ukidanganya mwingine huweza kuusuta. Hoffman angejibu kwamba hata kidole ni ikoni. Sawa, lakini basi atueleze kwa nini ikoni hizi mbili, ya jicho na ya kidole, hukutana mahali pamoja.

Rudia lile jaribio, safari hii ukibandika punje ya choroko juu ya nukta. Jicho likishaipoteza, pitisha kidole. Itakuwa palepale.