Hita ya Maji Ikiharibika: Kuitengeneza au Kununua Mpya?

Kati ya Juni na Agosti, maji ya bomba Mbeya, Njombe na Makete huwa baridi kiasi kwamba hita ya bafuni haihesabiwi tena kuwa anasa. Ikiharibika katika miezi hiyo, uamuzi hufanywa kwa haraka: mwenye duka anashauri mpya, fundi anashauri matengenezo, na kila mmoja ana maslahi yake katika ushauri anaoutoa. Ninazungumzia hita ya tangi. Ile ndogo ya shawa haina mjadala mrefu, kwani koili ikiungua hubadilishwa, na plastiki ikianza kuyeyuka hutupwa yote.

Hoja inayosikika zaidi kwa upande wa kununua ni kwamba hita mpya inakula umeme kidogo. Kwa maoni yangu hoja hiyo imetiwa chumvi. Koili hugeuza karibu umeme wote inaoupokea kuwa joto, iwe imenunuliwa jana au miaka kumi iliyopita. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 60 za Selsiasi huhitaji takriban uniti 2.6, na hakuna chapa inayoweza kuipunguza hesabu hiyo. Familia inayofanya hivyo kila siku hutumia uniti 78 kwa mwezi, yaani hita peke yake inavuka zile uniti 75 za bei nafuu ya LUKU kwa wateja wadogo, iwe mpya au kuukuu. Hata chokaa inayoganda juu ya koili haiongezi sana matumizi. Madhara yake ni kuzuia joto lisipite kwenda kwenye maji, koili ikajiunguza yenyewe hadi ikapasuka.

Tofauti ya kweli iko kwenye povu gumu linalozunguka tangi ili kuhifadhi joto. Joto huvuja kwa kadiri maji yanavyoizidi hewa ya nje, kwa hiyo tangi ambalo povu lake limelowa hupoteza joto zaidi Mafinga usiku wa Julai kuliko ambavyo lingepoteza Dar es Salaam. Kulipima si kazi: pasha maji jioni, zima swichi, usiyatumie, kisha uyaangalie alfajiri. Yakiwa yamepoa kabisa, mwenye duka ana hoja.

Wanaotetea matengenezo husema, na kwa haki, kwamba vitu vinavyokufa mara nyingi ni vile vinavyofunguka kwa spana: koili, thamostati (kifaa kinachozima koili maji yakishapata joto), gasketi na valvu. Fundi akifungua kifuniko cha chini, maji ya kahawia humwagika pamoja na vipande vyeupe vya chokaa, na katikati yake hutokea kijiti cha magnesi kilicholika hadi kubaki waya mtupu. Kijiti hicho ndicho cha kutazamwa kwanza. Kimewekwa kiliwe na kutu badala ya chuma cha tangi, na kikishakwisha, zamu ya tangi inaanza. Wengi hubadilisha koili na kukirudisha kijiti kilichokwisha, wakawa wamelipia matengenezo ya muda mfupi tu.

Kuvuja nako kuna namna yake. Kausha hita kwa kitambaa, funika gazeti kwenye maungio, na uone panapolowa kwanza. Tone likitoka kwenye gasketi au valvu, hilo ni suala la dakika chache. Likitoka kwenye mshono wa tangi lenyewe, au ndani ya ganda la nje, mjadala umekwisha, kwa sababu tangi lililotoboka kwa kutu likichomelewa huunguza utando wake wa ndani na kutoboka tena pembeni.

Hata hivyo matengenezo yana mtego ambao mafundi wengi hawautaji. Maji yakikatika na bomba la kuingilia halina valvu ya kuzuia yasirudi nyuma, tangi hushuka taratibu, koili ikabaki hewani inawaka. Nyumba ya namna hiyo itaunguza koili mpya, na itaunguza hita mpya vilevile; pesa ya kwanza ingepaswa kwenda kwenye valvu hiyo. Jambo la pili ni vipuri. Chapa isiyojulikana huweza kumlazimu fundi kuagiza kifuniko Dar es Salaam kije kwa basi, huku nyumba yenye mtoto mchanga au mzee ikichemsha maji kwa mkaa, gharama ambayo haimo kwenye hesabu ya fundi.

Ipo kanuni inayotumiwa sana, kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya hita mpya, basi nunua. Ningeiheshimu pale tu tangi lilipokwishavuka miaka minane au kumi. Tangi la miaka minne lisilo na kutu linastahili koili, kijiti na gasketi vipya kwa pamoja, hata bili ikikaribia nusu hiyo.

Kwa nyumba za kupanga hesabu inageuka, kwa kuwa mwenye nyumba hulipia kifaa na mpangaji hulipia LUKU. Mpangaji asipoteze nguvu kudai hita mpya kwa ajili ya uniti. Adai waya wa ethi uliofungwa sawasawa, valvu ya usalama inayofanya kazi, na breka inayokata umeme unapovuja, kwa maana koili iliyopasuka huweza kupitisha umeme kwenye maji anayoogea.