Punguza Nguo, Viazi Havipunguki

Mwaka jana nilirudi kutoka Kisoro na nusu gunia la viazi, mkungu wa matoke ambao sikuuomba, na sanduku la magurudumu lililojaa nguo ambazo nyingi sikuzigusa. Basi lilitushusha Kampala alfajiri, mvua inanyesha. Kijana wa boda akalitazama gunia, akautazama mkungu, akalitazama sanduku, kisha akaniambia, "Nyabo, hapa ni boda mbili." Nikalipa mbili. Ya kwanza ilinibeba mimi na chakula. Ya pili ililibeba sanduku peke yake, limekaa kitini kama bi harusi, na ndani yake mna viatu vya kisigino kirefu vilivyokwenda Kisoro na kurudi bila kukanyaga chini.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu za vyama vya akiba na mikopo. Wiki hii niko Kabale, wiki ijayo Pakwach, mwisho wa mwezi Mbale. (Kabla hujauliza: viazi havikutoka kwa watu niliokuwa nawakagua. Vilitoka kwa mama mwenye nyumba niliyolala, na kwake yeye mgeni kuondoka mikono mitupu ni aibu ya ukoo mzima.) Tangu asubuhi ile ya boda mbili nimebadilisha namna ninavyofunga mzigo, na nina ugomvi kidogo na wanaotufundisha jambo hili mtandaoni.

Ushauri wao mwingi umeandikwa na watu wanaotoka na begi moja na kurudi na begi lile lile. Kwao msafiri ni mtu aliye peke yake na nguo zake. Sisi hatusafiri hivyo. Ukienda kijijini kuwaona wazee, huwezi kufika bila sukari, sabuni, mkate, na kama mfuko unaruhusu, kilo moja ya nyama uliyoinunua njiani. Ukirudi, unarudi na karanga, mihogo, parachichi, na pengine jogoo aliyefungwa miguu na kuwekwa chini ya kiti. Kukataa ni tusi. Huwezi kumwambia shangazi yako kwamba mwaka huu unasafiri mwepesi. Mzigo wa watu una haki yake, haupunguki. Kilichobaki cha kupunguza ni nguo zako.

Watalii wana bahati moja. Ndege ndogo zinazotoka Entebbe kwenda mbugani kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu, tena kwenye begi laini, basi hata asiyetaka analazimika. Sisi wa basi hakuna anayetupimia. Konda akishaweza kufunga buti kwa kulisukuma kwa goti, safari inaanza. Adhabu yetu inakuja baadaye, unaposhuka kwenye basi na kuingia teksi ya abiria 14 umekumbatia sanduku mapajani, na konda anataka ulipie kiti cha sanduku.

Kwa nini basi tunajaza? Si kwa sababu ya hali ya hewa. Nimejichunguza, na jibu halinipendezi: ni macho ya watu. Ninazo nguo ninazoziita za endapo. Endapo nitaalikwa chakula cha jioni. Endapo mkutano utahudhuriwa na mkuu wa wilaya. Endapo picha zitarushwa WhatsApp na dada zangu wa Jinja waseme, "Mbona gauni lile lile la sikukuu?" Katika miaka yote ya kusafiri nchi hii, endapo ya chakula cha jioni imetokea mara mbili, na mara zote mbili tulikula nje, gizani, umeme umekatika. Kabale niliwahi kuvaa sketi moja ya kahawia siku tatu mfululizo kama jaribio. Aliyeizungumzia alikuwa karani mmoja tu, na alitaka kujua kitambaa nilikinunua wapi.

Hali ya hewa yenyewe inahitaji akili kuliko wingi. Tumezoea kusema tuko ikweta, kwa hiyo ni joto. Mtu akishapiga picha pale Kayabwe kwenye mstari, anaendelea na safari ya magharibi akiwa na vifulana. Kabale iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Pakwach, kwenye Nile, iko kwenye mita 600 na kitu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi, basi hesabu mwenyewe. Usiku wa Kabale unalala na soksi. Usiku wa Pakwach unatamani kulala barazani. Ukitaka mfano mkali zaidi, simama Kasese: jasho linakutiririka, na juu ya kichwa chako, kwenye Rwenzori, kilele cha Margherita chenye mita 5,109 kina barafu.

Dawa si koti zito. Koti zito lina kazi Kabale tu, na kwingine kote ni mtoto mkubwa wa kubebwa. Mimi hubeba fulana nyembamba ya mikono mirefu, sweta moja, na koti jepesi la mvua. Kabale navaa vyote vitatu, kimoja juu ya kingine. Pakwach navaa fulana na kukunja mikono. Koti la mvua halitoki begini Machi hadi Mei, wala Septemba hadi Novemba, ingawa kaskazini mvua zina kalenda yake: huanza karibu Aprili na kuvutana hadi Oktoba.

Sasa rangi. Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni ulinichoma, tena kwa maana halisi. Wanasema chagua nyeusi na buluu nzito, kila kitu kitaoana na kila kitu. Nikatii. Nikaenda kazini upande wa mbuga ya Murchison na jinzi ya buluu na blauzi nyeusi, na njiani mbung'o wakanishughulikia kuanzia kifundo cha mguu hadi bega. Dereva alicheka hadi akapunguza mwendo. Akanionyesha mitego iliyotundikwa kando ya barabara: vipande vya kitambaa, buluu na nyeusi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego imeshonwa hivyo. Yaani nilikuwa mtego unaotembea. Nyeusi inafaa kwa miji isiyo na mbung'o, wala vumbi letu jekundu, ambalo kwenye nguo nyeusi linaonekana kama unga. Nyeupe nayo ni kuitafuta shari. Shati jeupe likipita barabara ya murram, isiyo na lami, wakati wa kiangazi, halirudi kuwa jeupe. Kahawia, kaki, kijani kavu, maruni: hizi ndizo rangi za nchi yetu, zinaficha vumbi na zinaelewana zenyewe kwa zenyewe.

Lakini kaki isiwe ya madoadoa ya kijeshi. Mimi nimezaliwa kambini Jinja, baba alikuwa askari, na hili tulilijua kabla ya kujua kusoma: Uganda raia havai sare za jeshi wala mfano wake, ni kosa kisheria. Binamu yangu alikuja kutoka Nairobi na suruali ya madoadoa aliyoinunua mitumbani, akaona fahari. Tulimvua kabla hajafika barabarani. Amerudi kwao na suruali ya shemeji.

Ukibeba nguo chache, lazima ufue, na hapo kitambaa ndicho kinachoamua. Jinzi ni adui. Ikilowa Kisoro msimu wa mvua, inachukua siku mbili kukauka, na siku ya tatu inanuka kama tambara la jikoni. Pamba nyembamba hukauka usiku mmoja ukiikamua ndani ya taulo kwanza. Poliesta hukauka upesi kuliko zote, ila ukiivaa kwenye teksi iliyojaa, majirani watajua. Mimi nabeba kipande cha sabuni ya mche na kamba ya mita mbili tatu. Ila usianike nje ukavaa moja kwa moja. Kuna nzi, wengi humwita nzi wa embe, anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa. Funza wake hutoboa ngozi na kukaa humo kama jipu. Ndiyo sababu mama zetu walipiga pasi hadi nepi na nguo za ndani, pasi ya makaa, mishono yote, mbele na nyuma. Sisi tulidhani ni usafi uliopita kiasi. Anika ndani ukiweza. Ukianika nje, tafuta pasi.

Kitu kimoja kisichotoka begini mwangu ni leso. Wenzetu hapa wanaiita lesu, sijali, mradi ipo. Leso ndiyo taulo, ndiyo shuka kwenye gesti usiyoiamini, ndiyo pazia dirisha likiwa halina, ndiyo mto wa basi. Ninaswalia. Nimewahi kumfunga nayo mgongoni mtoto wa jirani yangu wa kiti, mama yake alipozidiwa na kichefuchefu kwenye milima ya Kabale. Na zaidi ya yote, leso ndiyo inayokuokoa na msiba. Msiba haupangwi. Uko kazini Masaka umevaa suruali, simu inalia, jamaa amefariki, mazishi ni kesho kijijini. Mwanamke hawezi kuingia matangani na suruali tupu. Anafunga leso juu yake, na papo hapo amekuwa mwana wa watu. Anaweza kukaa mkekani na kupiga magoti kuwasalimu wazee. Nguo nyingine zote begini zinasubiri nafasi. Hii inaitengeneza.

Kwa gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Kiganda, ndipo nguvu zangu zinapoishia. Nimejaribu kila njia. Gomesi ya hariri ni kitambaa cha mita 6 hivi, mabega yamesimama, mshipi mpana, na ndani kuna kikoyi cha kuishikilia nyonga. Hukunji hiyo ikawa kama leso. Inasimuliwa kuwa ilianzia kwa wasichana wa shule ya Gayaza mwaka 1905, na jina limetokana na fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes. Nadhani fundi yule hakupanda basi. Wanaume wana nafuu, kanzu unaikunja mara nne, na koti unalivaa safarini. Sisi, ukialikwa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, hakuna ujanja. Basi nimekata shauri: ya kwangu haisafiri. Naazima. Wifi yangu wa Masaka ana nne, rafiki yangu wa Mukono ana tatu, na gomesi haina saizi ya kusumbua, unaifunga tu mshipi. Wapo watakaosema kuazima ni kujidhalilisha. Mama zetu waliazimana sufuria, viti na hata pete za harusi, na harusi zao zimedumu.

Viatu jozi mbili, vizito ukivivaa na vyepesi begini, na sapatu za bafuni kama zina nafasi. Sina zaidi la kusema juu ya viatu.

Halafu kuna bima ya nguo za endapo ambayo tunaisahau: mivumba. Hakuna mji wa Uganda usio na mwanamke aliyetandaza nguo za mtumba chini ya turubai siku ya soko. Soko la Owino, Kampala, ndilo mama yao, ila watoto wako kila mahali. Sweta ninayoivaa Kabale niliinunua Kabale, shilingi 15,000 baada ya kubishana, siku niliyosahau ya kwangu. Ni sufu halisi, na ina jina la shule ya watu wengine kifuani. Tangu nielewe hilo, nikishika nguo nikasema "endapo," najiuliza: endapo ikitokea, nitaipata sokoni kule? Jibu karibu kila mara ni ndiyo, na kwa bei ndogo kuliko boda ya pili.

Kesho naondoka kwenda Pakwach, siku tano. Begi ni la mgongoni, nimelipima dukani kwa jirani kwenye mizani ya sukari: kilo nne na robo, pamoja na sabuni. Blauzi tatu, sketi ya kahawia (ndiyo, ile ile), suruali ya kaki, sweta nimeiacha. Jirani akauliza mbona begi linaning'inia hivyo, nusu yake tupu. Nikamwonyesha gunia nililolikunja chini kabisa. Mwenyeji wangu kule mumewe ni mvuvi, na jana alinipigia simu kuniuliza kama sisi wa Kampala tunakula samaki wa angara.