Mafundi wa Tabora, acheni kung'oa themostati

Toyota Crown au Mark X ya zamani ikianza kuchemsha hapa Tabora, jibu la gereji ni lilelile: "Toa themostati, itatulia." Inang'olewa, mwenye gari analipa, anaondoka ameridhika. Ushauri huu unaua injini nzuri, na inauma kuona bado unatolewa.

Themostati ni vali ya maji ya injini inayofunguka kwa joto; nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huzuia maji yasiende kwenye rejeta, kile kipoza maji cha mbele, ili injini ipate moto upesi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na asubuhi ya Juni barabara ya Nzega injini haifikii joto lake la kazi. Sensa inaiambia kompyuta kuwa injini bado ni baridi, nayo inazidisha petroli. Ile isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinalika, plagi zinakuwa nyeusi. Gia ya juu nayo inachelewa kuingia. Kisha lawama zinaangukia V6, injini ya silinda sita ya magari haya, eti inakunywa mafuta!

Kuna baya zaidi. Themostati nyingi za injini hizi zina kisahani cha nyuma kinachoziba njia ya mkato ya maji injini ikishapata moto. Kisipokuwepo, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Kwa hiyo gari lililotolewa themostati lisichemshe, likijaa abiria na AC imewashwa mchana wa Oktoba, linaweza kuchemsha vilevile.

Sawa, themostati ikigoma kufunguka ukiwa porini huko Kaliua, kuitoa kutakufikisha mjini. Kesho yake funga mpya. Ya zamani ipime: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha. Ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Yakitokota nayo bado imefunga, tupa. Unapofunga mpya, kile kipini kinachochezacheza kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Mfuniko wa rejeta pia unasahaulika. Wa presha ya bar 1.1 ukiwa mzima, maji hayachemki hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukikakamaa, presha inavuja na faida yote hiyo inapotea. Maji ya kisima yaacheni, wekeni kulanti, maji maalumu ya kupoza injini.

Halafu vumbi. Linashindiliana kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali usipopaona kwa mbele. Osha kutokea upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya presha ndogo, la sivyo mapezi yanalala.

Na kama injini inawaka, hewa imeshatoka yote, lakini povu bado linapanda kwenye rejeta, hiyo ni gasketi ya silinda hedi imeungua. Zima, gari livutwe hadi gereji.