Kumuuguza mzazi nako ni ibada

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anaposema kumhudumia mzazi au ndugu ni wajibu tu, na kwamba thawabu hasa iko kwa anayemsaidia mtu baki, sikubaliani naye kabisa. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliokuwa wakiweka mali wakfu kwa Mungu huku wakiwanyima baba na mama zao; na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu aliyemwomba Mtume Muhammad ruhusa ya kwenda jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai, kisha akaambiwa jitihada yake iwe kwao. Kwa hiyo wajibu nao una thawabu, tena kubwa. Mgeni ukimlisha atakushukuru na kukuombea dua. Mzazi aliyepooza anaweza kukufokea huku unambadilisha nguo, na ndugu walio mbali wakakukosoa kwa simu (hao sijui tuwafanyeje). Hapo ndipo nia inapopimwa, maana hakuna anayekupigia makofi. Mimi nimemuuguza mama, na nilichopata hakikuwa furaha ya kila siku. Hasira zangu zilipungua, na sala ikaacha kuwa maneno ya mdomoni tu. Ila kuna jambo makala haikuligusa: anayeuguza akichoka hadi akaanza kumchukia mgonjwa, kisha akaomba wengine wapokee zamu, je, amepoteza thawabu yake? Nyinyi mliopitia hayo mnasemaje?