Mapipa Mawili, Shogi Moja

Mwenye mkahawa mdogo hapa Lamu akiambiwa aweke mapipa mawili, la taka mbichi na la taka kavu, kinachomsumbua kwanza si bei ya mapipa. Anataka kujua nani atazichukua zikiwa zimetengwa, na zitafika wapi bado zimetengwa. Ni swali la haki, na wengi wanaohimiza utenganishaji hulipita haraka mno.

Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 haina utata kwa upande wa biashara. Taka zitengwe pale pale zinapotoka, zitiwe kwenye vyombo vyenye rangi na alama zake, na zile za hatari, kama betri na mafuta machafu ya injini za boti, zisichanganywe na nyingine. Biashara pia inatakiwa kuandaa mpango wa taka wa miaka 3 na kupeleka ripoti kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kila mwaka. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mchukuzi wa taka azibebe zikiwa zimetengwa, na inaitaka serikali ya kaunti iweke vituo vya kuchambua na kurejeleza taka. Kwa hiyo mwenye gesti anayelalamika kwamba amebebeshwa mzigo peke yake, wa kumlaumu ni utekelezaji. Sheria yenyewe imeugawa mzigo huo.

Sasa tazama Mji wa Kale ulivyo. Vichochoro havipitishi lori, vingine hata mkokoteni ni shida, na kazi huangukia punda. Shogi, lile kapu la mizigo la mgongoni mwa punda, ina pande mbili, basi mtu angesema mbichi huku, kavu kule, mambo yamekwisha. Aliyewahi kupakia punda atacheka. Maganda ya maembe, machicha ya nazi na vichwa vya samaki ni mzigo mzito, chupa tupu za maji hazina uzito wowote, na mnyama hapakiwi upande mmoja. Kwa maoni yangu, hapa dawa ni kutenganisha siku. Taka mbichi zichukuliwe kila asubuhi, maana kwa joto letu hazilali. Kavu zinaweza kungoja wiki nzima kwenye gunia uani bila kumuudhi jirani, mradi chupa zimesuuzwa. Gharama ya ziada hapo ni magunia, na kukubaliana na mchukuzi kabla ya kulipana.

Anayepinga ana hoja nzito kuliko hiyo: taka kavu zikishakusanywa, soko liko mbali. Wanunuzi wakubwa wako Mombasa. Gunia la chupa za plastiki lazima livuke maji hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, kisha lifuate barabara ndefu, na ndani yake ni hewa tupu iliyolipiwa nauli. Vyuma chakavu na makopo ya alumini vinaweza kujilipia safari. Plastiki isiyoshindiliwa haijilipii, na vioo ndiyo kabisa. Kumwambia mwenye vyumba sita vya wageni kwamba taka zake ni mali ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwake yeye ni gharama, na tuseme hivyo waziwazi.

Lakini ugumu huo hauhalalishi kukaa tu. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, wapo waliodhani ni maneno ya redioni, hadi faini za mamilioni zilipoanza kutajwa. Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa kwenye maeneo ya hifadhi, na nahodha anayeingiza wageni katika hifadhi ya bahari ya Kiunga hapaswi kuwa na chupa za plastiki za aina hiyo chomboni. Sheria za namna hii hazirudi nyuma. Tena plastiki inayozagaa mjini huliwa na punda hao hao tunaowategemea, ikawaziba matumbo.

Na si kweli kwamba plastiki ya Lamu haina la kufanya. Flipflopi, jahazi lililojengwa hapa hapa na mafundi wetu kwa plastiki na ndara zilizookotwa, lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Halitamaliza taka zote za kisiwa, ila linaonyesha kwamba mikono ya kazi ipo.

Ningekuwa na mkahawa, ningeanza na jiko. Sehemu kubwa ya uzito wa taka za mkahawa ni mbichi, na hizo hazihitaji mnunuzi wa Mombasa. Mwenye shamba anayetaka mboji anatosha. Ningezipima kwa mizani wiki moja, mbichi na kavu mbali mbali, maana bila kipimo mpango wa miaka 3 ni kubahatisha tu. Halafu ningepunguza chupa za maji kwa kuweka mtungi wa kujazia, jambo ambalo wageni wengi wanalipenda. Soda ningebaki na zile za kioo. Hizo huzioni zimetupwa ufuoni, kwa sababu kila chupa ina pesa yake inayomrudia mwenye nayo.

Hapo ndipo lilipo deni la wengine. Kanuni za mwaka 2024, zilizo chini ya sheria hiyo ya taka, zinawataka wazalishaji na waagizaji wabebe gharama ya vifungashio vyao hata baada ya bidhaa kuuzwa. Anayefunga maji kwenye chupa na kuyaleta mpaka kisiwani anafaidi soko hili, basi nauli ya kuirudisha chupa tupu Mombasa ni ya kwake, si ya muuza biriani. Wafanyabiashara wangedai hilo kwa pamoja, pamoja na ghala moja la taka kavu karibu na gati ambamo kila mmoja ataleta gunia lake mpaka mzigo wa boti utimie. Na kaunti, kabla haijamtoza mtu hata shilingi ya faini, ioneshe kwanza kwamba kilichotengwa jikoni hakimwagwi pamoja jaani.